Kupima neutroni na miale ya gama kwa puto: mwongozo wa anayerusha kutoka Lubumbashi

Kila kiangazi kikikaribia maswali yanarudi yaleyale. Je, mrija wa Geiger unaona neutroni? Puto la ukubwa gani linafika kilomita 30? Kwa nini hesabu ziliruka ghafla kule juu na hazikushuka tena? Majibu yamo humu, kila moja mahali pake pa kazi.

Miongozo mingi inayopatikana imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na ukiifuata neno kwa neno hapa kwetu itakuangusha katika mambo matatu. Lubumbashi iko mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, kwa hiyo hesabu za gesi na za parashuti ni nyingine. Tropopozi ya ukanda wetu (pale ambapo hewa inaacha kupoa kadiri unavyopanda) iko juu zaidi, karibu kilomita 16 hadi 17, na baridi yake inakaribia −80°C, wakati wao wanazungumzia −56°C. Tena mpaka uko mlangoni: Kipushi, mwendo wa kilomita 30 tu, tayari unaitazama Zambia.

Nadharia ni hii tu. Protoni zinazotoka anga za mbali hugonga viini vya naitrojeni na oksijeni hewani, na mgongano huo huzaa mvua ya chembe: neutroni, gama, elektroni, muoni. Ukipanda, mvua hiyo inaongezeka hadi mahali fulani kati ya kilomita 15 na 20, kisha inapungua kwa sababu juu ya hapo hewa ya kugongwa ni kidogo. Kilele hicho kinaitwa kilele cha Pfotzer, kwa jina la Mjerumani aliyekipima miaka ya 1930. Karibu na ikweta usumaku wa dunia hufukuza protoni dhaifu, kwa hiyo hesabu zako zitakuwa chini kuliko za mtu aliyerusha Ulaya na vifaa vilevile. Usidhani kifaa chako kimeharibika.

Neno moja la kushika tangu mwanzo: mrija wa Geiger hauoni neutroni. Unahesabu chembe zenye chaji, na gama kidogo, na zote hizo kwake ni mpigo mmoja usio na jina. Neutroni inahitaji kifaa kinachoweza kuitofautisha na gama, na kazi kubwa ya mwongozo huu iko hapo.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Kwa sanduku la vipimo:

- Mirija 2 ya Geiger aina ya SBM-20, na saketi ya volti 400. Kila mrija na kipinga chake cha megaohmu 5.1 karibu kabisa na anodi.
- Kristali ya CsI(Tl), inayotoa mwanga ikigongwa na gama, ya mchemraba wa sentimita 2.5 (gramu 70) pamoja na SiPM (chipu ndogo inayogeuza mwanga hafifu kuwa mpigo wa umeme), kwa ajili ya gama. Saketi ya CosmicWatch, ambayo michoro yake iko wazi kwa wote, inatosha ukiirekebisha.
- Plastiki ya EJ-276, silinda ya milimita 25 kwa 25, na SiPM yake, kwa ajili ya neutroni. Silinda hiyo haifiki hata gramu 15.
- Vipande 6 vya plastiki ya kawaida ya kung'aa (sintileta), unene wa milimita 5, vya kuizunguka EJ-276 pande zote. Hii ndiyo ngao ya kukataa chembe zenye chaji.
- Bodi ya Red Pitaya STEMlab 125-14, yenye njia mbili za kusoma mipigo.
- GPS ya u-blox, kipima shinikizo MS5611, vipima joto 3.
- Betri 18 za lithiamu za saizi AA zisizochajiwa (Energizer Ultimate Lithium), sita mfululizo, safu tatu. Alkalini za sokoni zitakufa kabla ya kilomita 12.

Kwa safari:

- Puto la lateksi la gramu 1,200.
- Heliamu, mtungi wa lita 50 wenye baa 200.
- Parashuti ya kipenyo cha mita 1.4.
- Kamba ya nailoni inayokatika chini ya nyutoni 230.
- Sanduku la frigoliti lenye kuta za sentimita 3. La samaki wa barafu linafaa, lioshwe mpaka harufu iishe.
- Redio ya LoRa ya kufuatilia puto, na kifuatiliaji cha pili kinachotumia mtandao wa simu.
- Bidoni ya lita 5, mizani, glovu za pamba, turubai safi la mita 4 kwa 4.

Uzito wa vyote vinavyoning'inia chini ya puto, parashuti na kamba zikiwemo, usizidi kilo 1.6. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinaliita puto jepesi likibeba chini ya kilo 4, lakini sanduku moja la kilo 2 au zaidi lililoshindiliwa, yaani uzito mkubwa kwenye uso mdogo, linaweza kulipandisha hadi daraja la puto zito lenye masharti mengi. Baki chini ya kilo 2 na utapumua.

Hatua ya 1. Ruhusa kwanza, vifaa baadaye

Barua iandikwe kwa Kifaransa, iende AAC (mamlaka ya usafiri wa anga) na nakala kwa RVA, ambao ndio wanaoongoza ndege za uwanja wa Luano. Taja mahali pa kurushia kwa nyuzi za GPS, siku na saa, uzito, rangi ya parashuti, mwendo wa kupanda, na namba ya simu itakayokuwa wazi siku nzima. Omba marubani watangaziwe. ARPTC ndio wa masafa ya redio. Watu wa usalama wa mkoa nao wajue mapema, kwa sababu sanduku lenye nyaya linaloanguka kutoka mbinguni bila taarifa ni tatizo kwa kila mtu, hasa kwa mwanakijiji atakayeliokota.

Puto haliruhusiwi kupita juu ya nchi nyingine bila kibali cha nchi hiyo. Msamaha uliopo ni wa maputo mepesi ya hali ya hewa peke yake, na lako si la hali ya hewa. Kama utabiri wa upepo unaonyesha Zambia, omba kibali chao au ahirisha.

Anayekaa Goma au Bukavu ataona kwamba mwongozo huu haumpi mahali pa kurushia. Mpaka na ziwa viko karibu mno na hali ya usalama haitoi nafasi ya kufuatilia sanduku porini. Hatua ya 2 hadi ya 6 anaweza kuzifanya mezani, na data za chini zina faida yake.

Hatua ya 2. Funga volti 400 zisipumue

Hapa ndipo safari nyingi hufia. Hewa ya kawaida inazuia umeme vizuri. Ikipungua inaacha kuzuia, na udhaifu wake mkubwa hautokei mahali pasipo na hewa kabisa: unatokea pale shinikizo likizidishwa kwa umbali kati ya nyaya linapofika namba fulani. Kwa nyaya zilizoachana milimita 1, mahali hapo ni kilomita 30 hivi, na volti 330 tu zinatosha kuruka. Wewe una 400. Mrija hauna kosa lolote: cheche ndogo zisizoonekana zinahesabiwa kama mionzi.

1. Safisha bodi kwa alkoholi, ondoa mabaki yote ya kulehemu. Ncha kali za risasi ya kulehemu zikatwe na kulainishwa.
2. Funika kila sehemu ya volti 400 kwa silikoni: ncha za mrija, kipinga, kapasita, waya wote. Tumia silikoni isiyo na harufu ya siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayokula shaba.
3. Paka tabaka nyembamba, subiri saa 24, paka tena. Ukimwaga nene mara moja, vipovu vya hewa vinabaki ndani, na kule juu vinavimba na kupasua.
4. Pima volti kwa kigawanyo cha gigaohmu 1. Multimita ya kawaida ya megaohmu 10 inaivuta saketi chini: itakusomea 250, utapandisha, itakusomea 300, utapandisha tena, na mrija utakuwa umeungua.

SiPM zinafanya kazi kwa volti 28 hivi. Volti hizo haziwezi kuruka kwa shinikizo lolote lile, na ndiyo sababu kubwa ya kuzichagua badala ya mirija ya zamani ya kuzidisha mwanga inayotaka volti 1,000.

Hatua ya 3. Vaa kristali na plastiki

Teflon nyeupe ya mafundi bomba ndiyo kioo bora na cha bei ndogo. Zungusha EJ-276 kwa tabaka 6 hadi 8, ukiacha wazi uso mmoja wa SiPM. Vaa glovu, maana alama ya kidole kwenye uso wa plastiki inakula mwanga na haitoki vizuri. Tia tone dogo la grisi ya silikoni kati ya plastiki na SiPM, bonyeza polepole mpaka uone grisi inasambaa bila kipovu, kisha funga kwa utepe mweusi tabaka 3.

Acha tundu dogo, kama la sindano, mahali ambapo utepe unakunjana, ili hewa ya ndani itoke puto linapopanda. Bila tundu hilo, hewa iliyonaswa itasukuma kristali na kuitenga na SiPM, na mwanga utapotea nusu bila wewe kujua.

Jaribu giza: washa kifaa, zungusha tochi ya simu pande zote. Hesabu zikipanda hata kidogo, rudia utepe. Kwenye jua la kilomita 30 hakuna msamaha.

Ngao ya vipande 6 inavaa juu ya EJ-276 kama sanduku. Vyote 6 viungwe kwenye njia ya pili ya Red Pitaya. Muoni ikipita kwenye milimita 5 za plastiki huacha takriban MeV 1 (MeV na keV ni vipimo vya nishati, MeV 1 ni keV 1,000), basi weka kizingiti cha ngao kwenye keV 300. Tukio lolote la EJ-276 lililoambatana na mpigo wa ngao liwekwe alama, lisifutwe. Utaamua baada ya safari.

Hatua ya 4. Tenga neutroni na gama

Gama inasukuma elektroni, neutroni inasukuma protoni. Ndani ya EJ-276 mwanga wa protoni una mkia mrefu zaidi. Kwa kila mpigo piga hesabu mbili: eneo lote, na eneo la mkia. Gawanya mkia kwa lote, uchore uwiano huo dhidi ya nishati. Utapata mikanda miwili.

Red Pitaya inasoma kila baada ya nanosekunde 8. Anza na dirisha fupi la sampuli 8 na refu la sampuli 60, kisha lisogeze fupi sampuli moja moja mpaka mkanda wa gama uwe mwembamba kabisa.

Kwa chanzo cha gama, nenda kwa wauza mbolea ukanunue kilo 1 ya kloridi ya potasi. Kila gramu inatoa Bq 16 hivi (atomu 16 zinazovunjika kwa sekunde) za K-40, potasi yenye mionzi, haina hatari, na huhitaji kibali. Kwenye plastiki hutaona kilele. Utaona ukingo wa Compton (pale grafu inapoporomoka ghafla) kwenye keV 1,243, na huo ndio msumari wako wa kwanza wa nishati. Kwenye CsI utaona kilele chenyewe, keV 1,461.

Onyo ambalo katika Katanga lazima lisemwe wazi: usitumie mawe ya urani kama chanzo. Huku kwetu mawe ya namna hiyo hayako mbali, Shinkolobwe iko karibu na Likasi. Kuyachukua na kuyabeba ni kosa kisheria, yanatoa radoni (gesi yenye mionzi), na vumbi lake likiingia kwenye sanduku halitoki. Kipimo chako chote kitabeba vumbi hilo hadi angani.

Mimina mbolea pembeni ya kifaa, kusanya matukio angalau 100,000, na weka mstari wa kutenganisha mahali ambapo gama chini ya 1 kwa 1,000 zinavuka kuingia upande wa neutroni. Andika kiwango hicho cha kuvuja, utakihitaji. Chini ya keV 500 mikanda inachanganyikana. Tupa kila kitu kilicho chini ya hapo. Protoni hutoa mwanga kidogo kuliko elektroni ya nishati ileile, kwa hiyo kizingiti hicho maana yake unaona neutroni za kuanzia MeV 2 hivi. Kwa upande wa juu, protoni yenye zaidi ya MeV 50 hivi hutoboa silinda na kutoka nje kabla ya kuacha nishati yake yote. Neutroni za nishati kubwa zaidi unazihesabu, lakini huwezi kuzipangia nishati. Usichore spektra (grafu ya nishati) ambayo kifaa hakikukupa.

Hatua ya 5. Joto na baridi, vyote viwili

Wanaoanza hufikiria baridi tu. Sanduku la frigoliti linashughulikia baridi vizuri. Linalowashangaza ni Red Pitaya kuungua kwa joto wakati nje ni −50°C. Kwenye kilomita 28 hewa iliyobaki haifiki sehemu moja kati ya 50 ya ile ya chini. Feni inazunguka bure. Funga bamba la alumini la milimita 2 juu ya chipu kubwa, lipitishe ukutani hadi kwenye kipande cha alumini cha sentimita 8 kwa 8 kilichobandikwa nje. Huko joto litatoka kwa mnururisho.

SiPM nazo zinabadilika na joto. Kwa zile za onsemi volti ya kuvunjika huhama takriban milivolti 21.5 kwa kila nyuzi. Joto la ndani likishuka nyuzi 40, ni karibu volti 0.86, na kama unaziendesha volti 3 juu ya kuvunjika, ukubwa wa mipigo umebadilika kwa zaidi ya robo. Bandika kipima joto mgongoni mwa kila SiPM, kisiwe hewani. Urekebishe baadaye kwa hesabu.

Hatua ya 6. Jaribu mezani kabla ya mbinguni

Fundi wa friji na viyoyozi ana pampu ya kunyonya hewa ya hatua mbili. Ikodi kwake nusu siku. Chukua sufuria nene ya presha, badilisha kifuniko kwa pleksi ya milimita 20 na mpira wa kuziba, nyonya hewa polepole. Usitumie kioo: kikipasuka, vipande vinarushwa ndani na nje.

Usikimbilie shinikizo la chini kabisa. Simama dakika 5 kila mahali: hPa (hektopaskali, kipimo cha shinikizo) 100 (kilomita 16), 50 (kilomita 20), 20 (kilomita 26), 10 (kilomita 31). Cheche inaweza kutokea kwenye 20 na kupotea kwenye 10. Zima taa za chumba utazame: mwanga hafifu wa zambarau kwenye ncha ya mrija unamaanisha silikoni ina pengo. Hesabu za Geiger mezani zinatakiwa kubaki zilezile tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisha weka sanduku lote saa 4 kwenye friza ya −20°C, likiwa linafanya kazi na kurekodi.

Hatua ya 7. Mipangilio inayosahauliwa

GPS ya u-blox inatoka kiwandani ikiwa katika hali ya kubebwa mkononi, na hali hiyo inakomea mita 12,000. Ipe amri ya kuingia hali ya kupaa, yenye kikomo cha kilomita 50, na hakikisha imejibu kwamba imepokea. Ukizima umeme inaweza kusahau, basi programu itume amri hiyo kila inapowaka.

BMP280, kipima shinikizo kinachopatikana kirahisi kuliko vyote, kinakomea hPa 300, yaani kilomita 9. Tumia MS5611, inayofika hPa 10.

Bodi zote zitumie saa ya GPS, kwa UTC. Lubumbashi iko saa 2 mbele. Faili mpya kila dakika 5, ili umeme ukikatika upoteze dakika 5 na si safari nzima.

Hatua ya 8. Kuchagua siku na mahali

Rusha kati ya Mei na Septemba, alfajiri, saa 12 asubuhi, kabla upepo wa chini haujaamka. Mvua na mawingu ya radi vina ubaya wa pili: radi kali zinaweza kuzalisha gama zenyewe, na hutajua ipi ni ya kosmiki na ipi ya wingu. Hilo nalo ni somo zuri ajabu, hasa kwa watu wa Kivu, kwa kuwa eneo la Kabare karibu na Bukavu ni moja ya mahali penye radi nyingi zaidi duniani. Ila ni kazi nyingine.

Endesha kikokotoo cha njia cha SondeHub siku 3 mfululizo kabla, kila asubuhi na jioni. Ingiza kupanda mita 5 kwa sekunde, kupasuka kilomita 31, kushuka mita 5 kwa sekunde. Kama alama ya kutua inasogea zaidi ya kilomita 30 kati ya utabiri mmoja na mwingine, hali haijatulia. Tafuta uwanja upande wa barabara ya Likasi, na usirushe kama duara la kutua liko chini ya kilomita 20 kutoka mpakani.

Hatua ya 9. Kujaza na kuachia

Kwanza pima mionzi ya mahali. Washa sanduku, liweke mita 1 juu ya ardhi, lirekodi dakika 30. Udongo wetu haufanani kilomita hata 2.

Sasa gesi. Kwenye shinikizo letu la hPa 880 hivi, mita 1 ya ujazo ya heliamu inainua gramu 900 tu. Miongozo ya usawa wa bahari inasema zaidi ya kilo 1. Usipime kwa ujazo wala kwa macho. Fanya hivi:

1. Tia maji kwenye bidoni mpaka bidoni na maji vifike kilo 2.6 kwenye mizani. Hiyo ni kilo 1.6 za mzigo na kilo 1 ya nguvu ya kupanda.
2. Tandaza turubai, vaa glovu, kunjua puto. Lateksi isiguse majani makavu wala mkono mtupu.
3. Fungua mtungi polepole. Mpira wa gesi ushikiliwe na mtu, usivute shingo ya puto.
4. Funga bidoni shingoni. Puto likiwa na kipenyo cha mita 2 hivi, bidoni itaanza kusitasita, itagusa ardhi na kuinuka. Simama hapo. Mtungi utakuwa umeshuka baa 75 hivi.
5. Kaza shingo kwa vifungo vya plastiki viwili, ikunje juu, kaza tena viwili, funika kwa utepe.
6. Puto, mita 10 za kamba, parashuti, mita 5 za kamba, sanduku.

Puto hilo litapanda kwa mita 4.5 hadi 5 kwa sekunde na kupasuka karibu na kilomita 31, baada ya dakika 100 hivi. Ukiongeza gesi "kwa usalama" litapanda mbio, litapasuka chini, na utakaa muda mfupi katika kila tabaka, yaani hesabu chache. Haidrojeni ni rahisi kupata na inainua vizuri, lakini inawaka kwa cheche ya nguo. Hatuipendekezi kwa kikundi kinachoanza, hata kama heliamu imewakausha mifuko.

Nje ya sanduku bandika karatasi ndani ya plastiki, kwa Kiswahili, Kifaransa, Kibemba na Kiingereza: "Kifaa cha masomo cha kupima anga. Si bomu. Hakina sumu. Usikifungue. Piga namba hii, utapewa zawadi." Ukifika kijijini, muone chefu kwanza kabla ya kwenda shambani kwa mtu.

Hatua ya 10. Kusoma data

Panga hesabu kwa shinikizo, usizipange kwa dakika. Mikanda ya hPa 20 chini ya kilomita 20, ya hPa 5 juu yake. Kosa la kila hesabu ni kipeuo cha pili chake: neutroni 36 ni 36 ± 6, asilimia 17. Neutroni 9 ni 9 ± 3, na hakuna hitimisho linalosimama juu ya hapo. Unganisha mikanda mpaka upate angalau 100.

Kwa Geiger sahihisha muda mfu (muda ambao mrija hauwezi kuhesabu baada ya kila mpigo) wa mikrosekunde 190: gawanya kasi uliyosoma kwa (1 − kasi × 0.00019).

Kwa neutroni, toa kwanza uvujaji: chukua gama za mkanda uleule, zidisha kwa kiwango ulichoandika hatua ya 4. Toa pia matukio yenye alama ya ngao. Kilichobaki ukiite "matukio ya aina ya neutroni kwa sekunde". Usikigeuze kuwa neutroni kwa sentimita ya mraba kama kifaa hakijawahi kupimwa mbele ya chanzo cha neutroni kinachojulikana.

Kwenye CsI tafuta keV 511, gama za positroni na elektroni zinapoangamizana. Angani mstari huo huonekana wazi, nao ni msumari wa nishati uliopewa bure katika kila tabaka.

Mambo yakienda vibaya

*Geiger imeruka juu ya kilomita 22, CsI imetulia.* Ni cheche za volti 400. Data za Geiger kutoka hapo kwenda juu hazifai, za chini zinafaa. Rudi hatua ya 2.

*Neutroni na gama zinapanda kwa uwiano uleule kabisa, tabaka kwa tabaka.* Unahesabu uvujaji. Sogeza mstari wa kutenganisha, punguza matukio, uone kama umbo linabadilika.

*Mstari wa 511 umehamia 560 au 450.* Joto la SiPM. SiPM ikipoa, mipigo inakua na mstari unapanda. Ikipata moto, mstari unashuka. Rekebisha kwa kipima joto cha mgongoni.

*Urefu umeganda mita 12,000, au shinikizo hPa 300.* Hatua ya 7. Ukiwa na kimoja kati ya viwili, kingine kinaweza kujazwa kwa hesabu.

*Red Pitaya ilizima kilomita 27 na kuwaka tena wakati wa kushuka.* Joto la chipu. Bamba la alumini halikugusa vizuri. Tia grisi ya joto.

*Hakuna kilele, hesabu zinapanda tu mpaka mwisho.* Tazama urefu wa juu kabisa. Puto lililopasuka kilomita 13 halikufika kwenye kilele. Sababu za kawaida ni gesi nyingi kupita kiasi, lateksi ya zamani iliyokaa kwenye joto, au iliyoguswa kwa mikono.

*Hesabu za neutroni chini kabisa, ardhini, si sifuri.* Ni sawa, neutroni za kosmiki zinafika chini pia, chache sana. Kama ni nyingi kuliko kiwango cha kuvuja kinavyoruhusu, angalia utepe mweusi.

*Mahali pa kutua kifaa kinasoma mara mbili ya mahali pa kurushia.* Kabla ya kulaumu kifaa, kiweke mita 1 juu ya ardhi, pima dakika 30, kisha kisogeze mita 50 upime tena. Miamba ya ukanda wa shaba ina urani mahali pengi, na sanduku lililolala juu ya mwamba linausoma huo mwamba. Kama hesabu zinabaki juu hata ukilirudisha nyumbani, lifute vumbi kwa kitambaa chenye maji, ukitupe kitambaa, upime upya.